Mapigo Katika Shingo ya Kuba

Jina rasmi la jambo hili ni Utekelezaji wa Azimio la Kamati Ndogo ya Majengo Kuhusu Kupunguza Mwangwi Usio na Tija Katika Ukumbi Mkuu wa Baraza. Nalijua vizuri kwa sababu ni mimi niliyeliandika. Mjumbe mmoja aliuliza kama upo mwangwi wenye tija. Aliombwa awasilishe swali lake kwa maandishi, hakuwasilisha, na mpaka leo baraza halina msimamo.

Mimi ni karani wa vikao. Kazi yangu ni kukaa chini ya kuba na kuandika wanayosema wakubwa, nikiyanyoosha kidogo ili yafanane na maana. Haya ninayoyasimulia hayakunitokea mimi. Yalimtokea dada yangu na mumewe. Mimi nilikuwepo tu, kalamu mkononi.

Ukumbi wetu ni wa duara. Juu yake kuna kuba, na kati ya kuba na ukumbi kuna ukuta mrefu wa mviringo unaoinyanyua kuba kama shingo inavyobeba kichwa. Sisi huuita hivyo, shingo. Wasanifu majengo, nilivyosoma, huuita ngoma, na lugha nyingi zimekubaliana juu ya jina hilo bila kuunda kamati. Huenda ndiyo sababu mchoraji mmoja wa zamani aliuzungushia kwa ndani picha za wapiga ngoma wa kila pembe ya dunia. Yupo mwenye ngoma ya udongo mapajani. Yupo aliyebana kwapani ngoma iliyokatika kiuno, mwingine kasimama mbele ya ngoma ya shaba iliyoning'inizwa, mwanamke kashika dufu, wawili wameinamia gogo lililochimbwa. Kazi nzuri sana, ila kuna jambo lililokuwa likiwashangaza wageni: wote walikuwa wameinua mikono. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa anapiga.

Zamani shingo ilikuwa na madirisha pande zote. Njiwa waliingia na kutoka watakavyo, mpaka mmoja wao alipomfanyia Mheshimiwa Mwenyekiti jambo begani katikati ya hotuba yake kuhusu usafi wa mazingira. Wiki hiyohiyo madirisha yakazibwa kwa matofali. Ndipo mwangwi ulipoanza. Mjumbe akisema "naunga mkono," ukuta nao uliunga mkono, tena na tena, na matokeo ya kura yakaanza kutiliwa shaka.

Zabuni ya kuupunguza akaipata shemeji yangu, fundi plasta. Wakati wa kumjadili nilitoka nje, kama kanuni zinavyotaka, nikasikiliza mlangoni.

Fundi plasta mzuri haamini macho. Hugonga ukuta kwa mpini wa mwiko na kutega sikio. Plasta iliyoshika hutoa sauti fupi na nzito. Iliyoachana na ukuta hulia kama kopo tupu, na pale huwekwa alama ya chaki. Shemeji alikuwa ameifanya kazi hiyo hadi mkono ukawa haumtii tena. Aligonga meza, mitungi, matikiti sokoni. Kwenye harusi yake aligonga keki.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ana chumba cha kushonea mtaa wa nyuma ya baraza, na nyumbani kwao ni mlango wa pili. Wakati huo alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo hazikufika, na hii ya tatu ilikuwa imevuka pale zile zilipoishia, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa ncha za vidole. Kliniki, mkunga alimwekea kifaa cha kusikilizia mapigo tumboni na mapigo ya mtoto yakajaa chumba. Tudu-tudu-tudu-tudu. Mepesi, ya haraka, kama kitu kidogo kinachokimbia kuja nyumbani. Shemeji alilia mbele ya watu. Tangu siku hiyo mkono wake ukawa na wimbo mmoja.

"Baba watu," dada alimwambia tukiwa mezani, "hiyo ni sahani. Siyo mwanao."

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini? Utamzaa wewe?"

Tulicheka sana siku ile. Ilikuwa Jumapili. Kazi ilianza kesho yake.

Shingo ya kuba, tulikuja kujua, ina ukuta wa ndani na ukuta wa nje, na kati yake mwanya ambao mtu hupita kwa ubavu. Shemeji alisimama juu ya jukwaa upande wa ukumbi. Msaidizi wake, ambaye kila mtu humwita Msumari kwa wembamba wake, aliingia kwenye mwanya. Walikuwa na utaratibu wao. Shemeji aligonga, Msumari, upande wa pili, alisikiliza na kujibu: kishindo kimoja, pameshika, viwili, pameachana. Hawakuhitaji kuongea. Nami nilifurahi, maana chini yao nilikuwa nachapa muhtasari.

Asubuhi moja kazi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Majibu yalikuja papo hapo. Shemeji alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hufanya mchezo. Alipofika kwenye dirisha la mwisho lililozibwa, akaugongea ukuta mapigo ya mwanawe. Tudu-tudu-tudu-tudu.

Ukuta ukayarudisha. Vilevile. Haraka ileile.

"Umeyajulia wapi, we Msumari!" alisema huku anacheka.

Mapigo yakaendelea.

"Haya, basi, inatosha. Tufanye kazi."

Yakaendelea. Mimi niliinua kichwa. Na hapo ndipo mlango wa chini ulipofunguka na Msumari akaingia, mfuko wa chokaa begani, amenuna.

"Mlinzi wenu hana akili," alisema. "Kanikalisha getini tangu asubuhi. Eti jina langu halimo kwenye kitabu cha wanaoruhusiwa kuingia. Nimemwambia nimeingia hapa wiki nzima. Ananijibu, basi ulikuwa unaingia kimakosa."

Juu yetu, ndani ya mwanya mtupu, kilichokuwa kinagonga kiliendelea kugonga.

Msumari akatua mfuko polepole. Hakuwa anamtazama shemeji. Alikuwa anaitazama picha nyuma ya bega lake.

"Fundi," alinong'ona. "Yule wa ngoma ya udongo. Mkono wake si ulikuwa juu?"

Nilijitafutia maelezo kama watu wa ofisini wanavyofanya. Mabomba. Joto na baridi. Rangi ya zamani kubanduka. Niliwaza hata kupendekeza ukaguzi. Lakini tangu siku hiyo sikuweza kutulia kwenye kiti changu. Mapigo yalikuwa chini sana, usingeyasikia kama hukuambiwa, ila kalamu yangu iliyafuata. Nilikuta nukta pembezoni mwa kila ukurasa, mbilimbili, na sikukumbuka kuziweka.

Jioni moja dada alinisimamisha mlangoni kwake, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Kaka, leo mlikuwa na shughuli gani huko? Mmepiga makofi?"

"Tulimpongeza Mwenyekiti kwa kurudi salama kutoka ziarani. Kwa nini?"

"Mara nyingi?"

Nilifikiri. "Aliporudi, alipokaa, na alipoeleza alichojifunza."

Dada aliweka mkono tumboni. "Mara tatu," alisema. "Mchana kutwa hachezi. Ananyamaza kama hayupo. Halafu anaruka, anaruka kweli, kama mtu aliyeitwa. Mara tatu leo."

Kutoka chumba chake makofi ya ukumbini hayasikiki. Nilisimama pale siku iliyofuata kuhakikisha. Hayasikiki kabisa.

Kliniki walimpokea siku hiyo iliyofuata. Mkunga alisogeza kifaa huku na huku. Tumbo lilikuwa na joto, mtoto alikuwepo, alionekana akijigeuza. Mapigo hayakusikika. Mkunga akasema mashine imeharibika, akaleta nyingine. Akasema na hiyo imeharibika. Mashine zote mbili ziliandikiwa taarifa ya ubovu. Dada akaambiwa arudi wiki ijayo, lakini alipokuwa anavaa viatu aliona mkunga amejiwekea kile kifaa kifuani mwake mwenyewe. Kilikuwa kinafanya kazi.

Baraza nalo lilikuwa limeamua kutafuta mtaalamu wa sauti. Mtaalamu wa sauti hakupatikana, kwa hiyo akaitwa Mama Ngozi, anayetengeneza ngoma za bendi na za shule na ana karakana karibu na stendi. Alikuja amechelewa, anatafuna karanga, na cha kwanza alichouliza ni kama kuna chai. Kisha akasimama katikati ya ukumbi na kupiga kofi moja. Akasikiliza. Akaacha kutafuna.

"Nani kaigonga hii?" aliuliza.

Shemeji alishuka kwenye jukwaa. Mimi nilikuwa karibu, niliyasikia yote.

"Mimi. Kila siku. Ndiyo kazi."

"Sisemi kugonga kwa kazi. Kwa kupenda. Uliipigia nini?"

Mkono wa shemeji ulijibu wenyewe, kwenye paja. Tudu-tudu.

"Sasa we baba," Mama Ngozi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi ngoma mpya siijaribu kwa kitu ninachokipenda hata siku moja. Naipiga ovyo, kama mlevi anayetafuta funguo. Marehemu mama yangu alinifundisha hivyo, nikadhani ni mambo ya kizee tu. Hizi zangu ni za kubeba kwapani. Hii sijui. Sijawahi kusimama ndani ya ngoma." Akatazama juu. "Tundu lake liko wapi?"

"Tundu gani?"

"Ngoma huachiwa tundu pembeni, itoe pumzi. Ukiliziba, kinachoingia hakitoki."

Sote tulitazama madirisha yaliyozibwa. Kwenye picha, mwanamke wa dufu alikuwa ameshusha kiganja. Wale wawili wa gogo pia.

Shemeji aliomba kufungua dirisha moja tu. Ombi nililipeleka mimi. Nilipewa jibu nikiwa bado nimesimama: madirisha yalizibwa kwa azimio, na azimio halibomolewi kwa nyundo, aidha, jengo ni la kihistoria, kwa hiyo kulifungulia tundu kunahitaji kibali cha Kamati ya Majengo ya Kale. Niliuliza kama kuyaziba madirisha kulihitaji kibali. Mheshimiwa Mwenyekiti alinitazama kwa huruma na kusema kuziba ni matengenezo, kufungua ni mabadiliko.

Shemeji alikataa kuendelea na kazi. Basi ikaagizwa kwamba Msumari amalizie peke yake, tabaka la mwisho, nene, juu ya madirisha yote, na kwa kuwa kikao cha mwaka kilikuwa kinaanza, afanye hivyo kutokea kwenye mwanya, bila kelele. Msumari alinijia pembeni.

"Karani, nikikataa?"

"Wataleta mwingine."

"Basi bora mimi," alisema. Hakuonekana kama mtu aliyepata kitu bora.

Kikao cha mwaka kilifunguliwa asubuhi yenye jua. Ukumbi ulijaa. Nilikaa mahali pangu. Juu, nyuma ya ukuta, nilisikia mwiko wa Msumari ukisugua. Na chini ya kusugua, yale mapigo.

Kila alipopaka, yalipungua.

Niliandika waliohudhuria. Niliandika wasiohudhuria kwa taarifa. Tudu. Tudu. Niliandika wasiohudhuria bila taarifa. Yalikuwa yanachelewa sasa. Kati ya pigo na pigo ungeweza kuvuta pumzi. Kisha ungeweza kuivuta na kuitoa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nilisoma chini ya meza. Ilikuwa ya dada: *Kaka hachezi tena. Nimelala ubavu nimekunywa maji baridi. Hachezi. Mume wangu ametoka anakimbia anakuja huko.*

Niliinua kichwa. Wapiga ngoma wote walikuwa wameshusha mikono. Wote. Duara zima. Hakuna mjumbe aliyetazama juu; wajumbe hutazama simu.

Mlango wa ngazi ya juu ukabamizwa. Hatua za haraka kwenye mwanya. Sauti ya Msumari: "Fundi, nitafukuzwa!" Sauti ya shemeji: "Toka hapo." Halafu nyundo.

"Nani huyo?" aliuliza Mwenyekiti.

Nyundo.

"Karani! Kazi gani hiyo wakati wa kikao?"

Nyundo. Plasta mbichi ikadondoka kwenye meza ya wajumbe wa fedha. Tofali likafuata. Mwanga ukaingia, mstari mmoja, mwembamba, uliojaa vumbi. Na kitu kikatoka.

Sikukiona. Nilihisi kikipita. Kilikuwa na haraka, kama mtu aliyechelewa kwao. Karatasi zote mezani ziliinuka kuelekea lile tundu, zikatulia. Mapigo yakawa hayapo. Ukimya wake ulikuwa wa kawaida kabisa, na mimi nikakuta nimesimama.

Simu ikatetemeka tena. Hakuwa dada. Alikuwa jirani yake: *Chupa ya uzazi imempasukia hapa kwenye cherehani. Mtoto anaruka kama kichaa. Njoo.*

Nililia kwa furaha nusu dakika. Nayasema haya ili ieleweke kwamba ilikuwepo hiyo nusu dakika.

Walinzi walikuwa wamemshika shemeji mikono. Naye hakupigana, alikuwa anacheka, uso mzima chokaa, anasema, "Niacheni, mke wangu anajifungua." Njiwa mmoja akatua ukingoni mwa tundu, akachungulia ndani. Nadhani huyo njiwa ndiye aliyemfanya Mwenyekiti aamue.

"Lizibeni," Mwenyekiti alisema.

"Mheshimiwa," nilianza, "labda tusubiri kidogo..."

"Karani, wewe unaandika, huchangii. Lizibwe sasa hivi, kikao kiendelee."

Shemeji aliacha kucheka. "Hapana," alisema. "Hapana, bado. Msumari, usizibe. Bado hajamaliza kutoka!"

Hakuna aliyejua anamaanisha nini. Sidhani hata yeye alijua. Walimtoa nje. Nilimwona Msumari kwenye lile tundu, uso wake umezuia mwanga. Alinitazama. Sikutikisa kichwa kukubali wala kukataa, na Mwenyekiti alikuwa anamnyooshea kidole. Akaweka ubao. Akapaka.

Mstari wa mwanga ukakatika.

Mwenyekiti alishukuru kwa uvumilivu, akataka twende kwenye ajenda ya pili. Akafungua mdomo kuisoma.

Mtoto akalia.

Alilia juu yetu. Kilio cha kwanza, chenye maji kooni, kile ambacho aliyewahi kukisikia hawezi kukikosea. Kilizunguka shingo yote ya kuba, kikaja kwa huyu, kikaenda kwa yule. Wajumbe wanawake waligeuka wote kwa pamoja.

"Mwenye mtoto amtoe nje, tafadhali," alisema Mwenyekiti.

Watu wakatazamana mapajani. Hapakuwa na mtoto ukumbini.

Nilikimbia. Nilimkuta dada sakafuni katikati ya vitambaa, amezungukwa na majirani, na mtoto kifuani. Msichana. Mnono, mwekundu, vidole vyote. Mkunga, aliyeitwa mbio kutoka kliniki, alikuwa ameinama juu yake, anamsikiliza kifua, anatabasamu: moyo upo, wa nguvu kabisa. Mtoto alikuwa amefumba macho na kufungua mdomo hadi ufizi ulionekana, machozi yanamtoka, ulimi unatetemeka.

Chumba kilikuwa kimya.

"Mbona halii?" dada aliniuliza kwa kunong'ona. "Kaka, si analia? Namwona analia."

Shemeji alibomoa madirisha yote ya shingo wiki iliyofuata. Hakuomba kibali na hakuna aliyethubutu kumzuia, hata mlinzi. Hakuna kilichotoka. Mama Ngozi alikuja, akapiga kofi, akasikiliza muda mrefu, akasema kuna vitu vikishazoea mahali havitaki tena mlango. Alikataa chai. Madaktari walichunguza koo la mtoto na kusema halina kasoro; wa hospitali kubwa walisema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi. Kamati Ndogo ya Majengo ilipima ukumbi, ikakuta hauna mwangwi hata kidogo, ikajipongeza. Wajumbe wamezoea. Kilio kikianza wakati wa kikao, Mwenyekiti husimama kusubiri kiishe, na mimi huandika: mapumziko mafupi.

Dada huja siku nyingi na kuketi kwenye viti vya wananchi, maana sheria inawaruhusu wananchi kuhudhuria. Humwacha mtoto nyumbani na baba yake. Hukaa ameinua uso, mikono mapajani, anamsikiliza mwanawe akicheka. Akirudi humuuliza mumewe kilichomchekesha.

Mwezi uliopita mtoto aliugua homa kidogo, kwa hiyo dada hakuja. Alikaa naye nyumbani amempakata. Tulikuwa tunathibitisha ajenda. Yule mtoto alisema neno lake la kwanza, na lilikuwa "mama." Tulilisikia sisi, ukumbi mzima. Mama yake, aliyekuwa amempakata, hakusikia kitu.